Jinsi ya kuasili mtoto nchini Kenya, kutoka ofisi ya kwanza hadi cheti mkononi

Simu nyingi ninazopigiwa huanza hivi: "Dada, mtoto tumeshampata, sasa tunatafuta wakili." Ukidadisi unaambiwa kuna msichana amejifungua na hana uwezo, mama mmoja mtaani anawakutanisha, na mtoto atakabidhiwa Ijumaa. Hapo huwa ninawasihi wasimame kwanza. Mtoto aliyepokewa mkono kwa mkono hana karatasi hata moja inayomfunga kwako. Polisi wanaweza kukuuliza umemtoa wapi, na ukifariki, jamaa zako wanaweza kumwambia palepale matangani kwamba yeye si wa boma hilo. Mimi na mume wangu tuliipita njia hii yote kwa ajili ya binti yetu. Ilituchosha, lakini leo naona kila hatua iliwekwa kumlinda yeye siku ambayo sisi hatupo.

Sheria inayotumika ni Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Mwombaji awe ametimiza miaka 25, amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi, na asiwe ametimiza miaka 65. Wanandoa huomba pamoja. Asiye na mke au mume anaweza kuomba pia, ila ajiandae kwa maswali zaidi, hasa mwanamume anayetaka kumlea mtoto wa kike peke yake. Jamaa wa mtoto, kwa mfano shangazi aliyebaki na yatima wa nduguye, naye anaweza kumuasili kisheria. Ningemshauri afanye hivyo ikiwa kuna shamba au mafao ya marehemu yanayogombaniwa.

Kwa Waislamu, sheria hiyohiyo inaitambua kafaala, ambapo mtoto hulelewa kwa mujibu wa sharia bila kubadilishwa nasaba yake. Ikiwa hiyo ndiyo nia yako, iseme tangu siku ya kwanza ili usiingizwe kwenye njia ya kuasili. Na kwa wageni wanaoniuliza: serikali ilisimamisha raia wa kigeni kuwaasili watoto wa Kenya mnamo Novemba 2014, kwa hiyo ongeeni kwanza na Baraza la Kitaifa la Huduma za Watoto kabla hamjamlipa mtu yeyote.

Mlango wa kuingilia ni shirika la uasili lililosajiliwa. Baraza hilo ndilo litakalokuthibitishia kama shirika limesajiliwa, nawe uliza hata kama umeelekezwa huko na mchungaji wako. Utajaza fomu na kupeleka nakala za kitambulisho, cheti cha ndoa ikiwa mmeoana, cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, ripoti ya daktari, hati za mshahara au taarifa za benki, picha, na barua za watu wanaokufahamu vizuri. Alama za vidole kwa ajili ya cheti cha tabia njema zichukueni mapema, kwa sababu hicho ndicho hukawia. Shirika lina ada zake halali, na wakili ana zake. Dai stakabadhi kwa kila shilingi. Lakini kumlipa mtu yeyote ili akupe mtoto, iwe mama mzazi, muuguzi au msimamizi wa makao ya watoto, ni kosa la jinai, hata pesa hizo zikiitwa za maziwa.

Baada ya mahojiano, mfanyakazi wa kijamii huja nyumbani. Sisi tulipaka rangi sebule na kununua kitanda kipya cha mtoto. Yule dada hakukitazama kitanda hata kidogo. Aliketi na mama mkwe wangu, ambaye tulikuwa tumemwomba atoke kijijini siku hiyo, akamuuliza: "Mama, huyu mjukuu akija, utampa jina la nani?" Mama mkwe alinyamaza kwa muda, akakunja ncha ya leso yake, kisha akasema, "La mama yangu." Yule dada akaandika. Baadaye alitueleza kwamba swali hilo humwonyesha mengi kuliko vyumba vya nyumba. Kwa hiyo kabla hajaja, zungumzeni na wazazi wenu na ndugu zenu, na msiwafiche lolote. Ripoti yake ndiyo inayopelekwa kwa kamati ya kesi ya shirika, na ikiwaidhinisha mnaanza kusubiri mtoto.

Sasa naomba usome polepole, maana hapa ndipo faili nyingi hukwama. Waombaji hukusanya karatasi zao wenyewe na kusahau kwamba za mtoto ni nzito zaidi. Mahakama haiwezi kukupa mtoto ambaye bado ana mtu wa kumdai, kwa hiyo lazima pawepo cheti kinachoonyesha kwamba yuko huru kuasiliwa. Ikiwa mama mzazi anajulikana na ameamua kumtoa, hakuna mpango wa kuasili unaoweza kuanzishwa kabla mtoto hajatimiza wiki 6. Wiki hizo ni za mama. Mwanamke aliyetoka kujifungua juzi, mwenye uchungu na hofu, asisainishwe karatasi ya maisha yake yote. Mpeni nafasi ya kushauriwa, na akibadili nia, ni haki yake.

Ikiwa mtoto aliokotwa, historia yake inaanzia kwenye kitabu cha matukio cha polisi, kiitwacho OB. Itatakiwa namba ya OB, barua ya kwanza ya polisi inayoeleza alivyopatikana, amri ya mahakama iliyompeleka kwenye makao ya watoto, rekodi zake za hospitali, na barua ya mwisho ya polisi inayosema wametafuta na hakuna aliyejitokeza kumdai. Barua hiyo ya mwisho huchukua miezi. Ya binti yetu ilipotoka, namba ya OB iliyoandikwa ilitofautiana kwa tarakimu moja na ile ya barua ya kwanza. Ofisa aliyeiandika alikuwa amehamishwa, kituo kikakataa kusahihisha bila yeye, nasi tukapoteza miezi 3 kwa sababu ya 6 iliyosomwa kama 8. Omba uonyeshwe nakala zote mapema. Zitandaze mezani, linganisha namba, tarehe na tahajia ya jina moja baada ya jingine, na ukiona kasoro sema siku hiyohiyo.

Usiogope kwamba mtoto wa kuokotwa atakosa uraia. Katiba, kifungu cha 14(4), inamhesabu mtoto aliyepatikana Kenya akiwa au akionekana kuwa na umri wa chini ya miaka 8, ambaye uraia na wazazi wake hawajulikani, kuwa raia wa kuzaliwa.

Mkishakutanishwa na mtoto na kukubaliana, atahamia kwenu. Anapaswa kuwa chini ya uangalizi wenu hapa nchini kwa miezi 3 mfululizo kabla ya kwenda mahakamani, na mfanyakazi wa kijamii atakuwa akija kuwatazama. Mwambie ukweli. Binti yetu hakulala usiku kwa wiki 5, na tuliposema hivyo tulisaidiwa.

Wengi hawajui kwamba mwajiriwa ana haki ya likizo ya mwezi 1 yenye mshahara kamili anapopokea mtoto wa kuasili, kwa marekebisho ya mwaka 2021 ya Sheria ya Ajira. Mjulishe mwajiri kwa maandishi angalau siku 14 kabla mtoto hajakabidhiwa kwako, na uambatanishe hati za shirika. Mume wangu naye aliomba, akapewa.

Maombi yenyewe huwasilishwa Mahakama Kuu. Wakili atayaandaa, na mahakama itamteua mtu wa kusimama kwa niaba ya mtoto katika kesi. Yeye huchunguza na kuandika ripoti yake, na Idara ya Huduma za Watoto nayo hutakiwa kutoa yake. Fuatilia ripoti hizi mbili kwa adabu lakini bila kuchoka, kwani tarehe za kesi husogezwa zaidi kwa kuzikosa kuliko kwa sababu nyingine yoyote. Utatakiwa pia kumtaja mlezi atakayemchukua mtoto endapo mtafariki. Usimwandike mtu kwa heshima tu. Sisi tulimwacha kaka mkubwa wa mume wangu tukamtaja dada yangu mdogo, na kikao cha familia kikawa kirefu, lakini ndiye anayejua binti yetu hulala upande gani.

Kesi husikizwa faraghani. Tulikuwa sisi, wakili, dada yangu mdogo tuliyemtaja kuwa mlezi, na binti yetu aliyekuwa akivuta mkanda wa kiatu changu. Jaji alituuliza kama tunaelewa kwamba amri hii haigeuzwi tukichoka, na kwamba mtoto huyu atarithi sawasawa na yeyote tutakayemzaa. Kila mmoja alijibu kwa kinywa chake.

Amri ikishatolewa kazi haijaisha. Hupelekwa kwa Msajili Mkuu, aingize jina la mtoto katika rejista ya watoto walioasiliwa na kutoa cheti. Hicho ndicho utakachotumia kwa pasipoti, bima ya afya na shule. Usiondoke dirishani kabla hujakisoma herufi kwa herufi. Cha kwetu, jina la mama yake mama mkwe lilikuwa limekosa herufi moja. Tukakirudisha palepale, tukaketi tena kwenye benchi kungojea kingine.