Kabla ya kwenda Krabi: majira, maji na mzigo

Krabi, mkoa wa kusini mwa Thailand, umepakana na Bahari ya Andaman, na bahari hiyo ndiyo inayopanga safari. Novemba hadi Aprili hutulia. Mei hadi Oktoba upepo wa kusini-magharibi huleta mvua na mawimbi, na mashua zinaweza kuzuiwa kutoka. Basi kisiwa cha mbali usikiweke siku ya mwisho kabla ya ndege. Ghuba ya Maya, kwenye kisiwa cha Phi Phi Leh, ilifungwa kuanzia Juni 2018 hadi Januari 2022 ili matumbawe yapumue, na bado hufungwa kila Agosti na Septemba. Hata ikiwa wazi, kuogelea ni marufuku.

Angalia pia saa za maji kupwa. Fungu la mchanga la Thale Waek, linalounganisha visiwa, huonekana maji yakitoka tu, na siku za bamvua, maji yanapotoka mbali zaidi, ndizo bora. Railay iko bara, ila majabali yameifungia barabara: unafika kwa mashua na mara nyingi unashukia majini hadi magotini. Sanduku la magurudumu litakutesa hapo. Beba begi la mgongoni, na pasipoti uitie kwenye mfuko usiopitisha maji.

Losheni ya jua isome kabla hujainunua. Tangu 2021 hifadhi za taifa za Thailand zimekataza zenye kemikali zinazodhuru matumbawe, na faini yaweza kufika baht 100,000. Tatizo ni majina ya kemikali hizo: oksibenzoni huandikwa benzophenone-3, na oktinoksati huandikwa ethylhexyl methoxycinnamate. Ya zinki ni salama zaidi. Bora kuliko zote ni fulana ya mikono mirefu.

Kadi ya kuwasili hujazwa mtandaoni, bure, ndani ya siku 3 kabla ya kufika. Anayetoka Kenya, Uganda au Tanzania huhitaji cheti cha homa ya manjano, na chanjo iwe imetimiza siku 10. Sigara za kielektroniki ziache nyumbani.

Mwisho, chupa ya siki. Ukichomwa na yavuyavu, mnyama laini wa baharini mwenye nyuzi za sumu, toka majini, mwagia siki nusu dakika au zaidi, ndipo uondoe nyuzi zilizoganda. Usisugue wala usioshe kwa maji ya bomba: vifuko vidogo vya sumu ambavyo havijapasuka vitapasuka. Pumzi ikibana, hospitali mara moja.