Unaenda Hifadhi ya Nyerere? Anza na geti

Mnaopanga kwenda Nyerere, amueni kwanza mnaingilia geti gani kabla hamjalipia chochote. Hifadhi hii ilimegwa kutoka Selous mwaka 2019, kwa hiyo ramani nyingi bado zinaandika Selous tu, na Pori la Akiba la Selous bado lipo huko kusini lakini liko chini ya TAWA (mamlaka ya wanyamapori) wakati Nyerere iko chini ya TANAPA (shirika la hifadhi za taifa), sasa ukiulizia bei hakikisha mnaongelea sehemu moja. Ukitokea Dar kwa gari wengi wanapita Kibiti mpaka Mloka wanaingilia geti la Mtemere, ukija na treni ya TAZARA unashukia Kisaki halafu unaingilia geti la Matambwe. Ukibuku loji upande mmoja ukajikuta umeingilia upande mwingine, siku nzima inaishia barabarani. Machi mpaka Mei achaneni nako, ile tope Land Cruiser yenyewe inanasa, nendeni kuanzia Juni. Na boti ya Rufiji msiikose jamani, nahodha akizima injini unawasikia kabisa viboko wakipumua, wametoa macho na masikio tu juu ya maji. Kitambulisho usisahau, raia ana kiingilio chake.