Namna ya kupima mzigo wa mashauri katika kampuni: hatua kwa vitengo vya sheria Zanzibar

Bodi nyingi huletewa ripoti inayotaja mashauri yaliyoshindwa na yaliyoshinda, na hesabu hiyo haiwaelezi kama kampuni imepata faida au hasara. Kwa kampuni ya hoteli hapa Unguja, njia ninayoitumia ni hii.

Hatua ya kwanza: fungua daftari la mashauri. Kila mgogoro uandikwe tangu siku ya kupokea barua ya madai, bila ya kungoja shauri lifunguliwe. Andika wadaawa, yaani pande za mgogoro, kiasi kinachodaiwa, tarehe ijayo ya kutajwa au kusikilizwa, na idara iliyozalisha mgogoro. Safu hii ya mwisho mara nyingi huachwa wazi, nayo ndiyo yenye faida kuliko zote.

Hatua ya pili: hakiki sheria inayotumika. Mikataba iliyonakiliwa kutoka Dar es Salaam hutaja Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ilhali ya Zanzibar ni Sura ya 149. Vivyo hivyo, mfanyakazi aliyeachishwa kazi Paje analindwa na Sheria ya Ajira Nam. 11 ya 2005, wala malalamiko yake hayapelekwi kwenye tume ya usuluhishi ya Bara.

Hatua ya tatu: jumlisha gharama yote. Tuchukue mfano wa msambazaji wa samaki anayedai shilingi milioni 18, ambazo mhasibu alizizuia kwa sababu hati za kupokelea mzigo hazikutiwa saini jikoni. Wakili wa nje ya kampuni anataka milioni 4. Meneja wa ununuzi na mhasibu watapoteza siku kila shauri linapoitwa, hata likiahirishwa. Na wavuvi wengine, wakishasikia habari hiyo, watadai fedha taslimu kabla ya kushusha samaki. Kwa kuwa samaki wenyewe wameshaliwa na wageni, utetezi ni dhaifu, na kuendelea kunaweza kufikia milioni 22 kabla ya riba na gharama za mdai. Suluhu ya milioni 16, inayolipwa kwa awamu, ni nafuu.

Hatua ya nne: kaa na mhasibu. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 37 kinataka fedha zitengwe pale ambapo dhima, yaani wajibu wa kulipa, imetokana na jambo lililokwishatokea, uwezekano wa kulipa ni mkubwa kuliko wa kutolipa, na kiasi kinaweza kukadiriwa vya kuaminika. Kwa hiyo mtake wakili atoe makadirio kwa maandishi. "Tutashinda inshallah" haiingii kwenye vitabu.

Hatua ya tano: kila robo mwaka, panga daftari kwa idara. Mashauri matatu yakitoka jiko moja, usiongeze wakili. Weka kitabu cha kupokelea mizigo chenye nakala tatu, na uagize kwamba ankara isiyoambatana na saini ya mpishi mkuu irejeshwe siku hiyo hiyo. Bodi ipelekewe jumla ya gharama za migogoro kwa kila idara, ikilinganishwa na robo iliyotangulia na bajeti ya kitengo cha sheria.