Kumtunza kobe kasha: anza na udongo wenye unyevu

Wengi wetu tuliokulia pwani tunamjua kobe kwa wale wakubwa wa kisiwa cha Changuu, Zanzibar: wala majani, waota jua. Nilipopewa kobe kasha hapa North Carolina, Marekani, nilimlea hivyo hivyo, kwenye tangi la kioo lenye mchanga mkavu, chakula saladi. Baada ya miezi michache macho yalivimba yakafunga, na uvimbe mwingine ukatokea pale sikio lilipo. Daktari aliniambia amekosa vitamini A na anakauka. Kobe huyu, ambaye gamba lake la tumbo lina bawaba na hujifunga kama kasha, ni mnyama wa msitu wenye unyevu na majani yaliyooza. Hatua zote hapa chini zinatoka kwenye jambo hilo.

Hatua ya 1: Usimwokote msituni

Mchukue kwenye kituo cha kuokoa wanyama watambaao, na kwanza uulize idara ya wanyamapori ya jimbo lako inaruhusu nini. Kobe kasha huishi umri wake wote kwenye eneo dogo analolijua. Ukimhamisha hutangatanga akitafuta kwao. Jike hutaga mayai machache tu, hivyo kila anayeondolewa huacha pengo kubwa. Ukimkuta barabarani, mvushe upande aliokuwa akielekea, umwache aende zake. Kumbuka pia kwamba anaweza kuishi miaka 50 au zaidi. Fikiria nani atamrithi.

Hatua ya 2: Jenga boma nje

Kwa kobe mmoja au wawili, anza na mita 1.2 kwa 2.4, likizidi, afadhali. Mbao za ukuta ziwe na kimo cha sentimita 45 hivi juu ya ardhi, na nyingine 20 hadi 30 zichimbiwe chini, maana anachimba. Anapanda pia, hasa pembeni mbao zinapokutana, kwa hiyo funika kila pembe kwa kipande cha ubao. Juu weka wavu wa chuma: rakuni, mnyama wa porini wa huku, huja usiku na hutafuna miguu ya kobe. Chagua mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana.

Hatua ya 3: Tayarisha udongo

Hapa usifanye haraka. Changanya udongo wa bustani usiotiwa mbolea ya kemikali wala dawa ya wadudu na mboji ya majani, kina kisipungue sentimita 20. Tandaza majani makavu juu yake, mengi kabisa, kisha weka gogo lililooza na upande mimea mifupi ya kujificha. Kamata udongo kiganjani ukaze ngumi: ushikamane, lakini usichuruzike maji. Ukimong'onyoka, nyunyizia. Mimi hunyunyizia kila asubuhi wakati wa kiangazi, na mara nyingi kobe hutoka mafichoni dakika chache baadaye akidhani mvua imenyesha. Huo ndio wakati mzuri wa kumlisha.

Hatua ya 4: Maji

Sinia pana lisilo na kina, maji yasipite kidevu chake. Badilisha kila siku, kwa kuwa hunya humo humo.

Hatua ya 5: Chakula

Nusu iwe wadudu na viumbe wadogo: nyungunyungu, koa, nyenje. Nusu nyingine iwe uyoga wa dukani, boga, kiazi kitamu kilichochemshwa, majani ya dandelioni na stroberi kidogo. Boga na kiazi cha rangi ya chungwa ndivyo vinavyomkinga na ule ugonjwa wa macho. Saladi nyeupe haimsaidii chochote. Acha bomani mfupa wa dome autafune mwenyewe apate kalsiamu. Duka la vifaa vya ndege wa kufugwa huuza.

Hatua ya 6: Akiwa ndani

Kumweka ndani huwa ni kwa ajili ya mgonjwa au kichanga. Upande mmoja uwe na joto la nyuzi 29 hadi 31, mwingine 21 hadi 24, na taa ya UVB (mionzi isiyoonekana kama ile ya jua) iwake kwa muda wa saa 12 kila siku. Jua la dirishani halitoshi. Kioo huzuia mionzi hiyo. Nawa mikono kwa sabuni kila umshikapo, na wasimamie watoto nao wanawe mikono, kwani kobe hubeba salmonela hata akiwa mzima.

Hatua ya 7: Usingizi wa baridi

Mzima wa afya tu ndiye aachwe alale udongoni majira ya baridi. Mpime uzito mwanzoni mwa vuli na uandike. Mnyime chakula wiki 2 hadi 3 kabla ya baridi, wakati bado kuna joto, ili utumbo umalize kilichomo. Kisichomeng'enywa huozea ndani. Maji yaendelee. Atajichimbia mwenyewe, wewe mfunike kwa lundo la majani la sentimita 30 au zaidi. Alipolala pabaki nyuzi 4 hadi 10. Usimfukue kumwangalia.

Akiibuka, mloweshe dakika 20 kwenye maji ya uvuguvugu, mpime tena, umtazame macho na pua. Akiwa na makamasi, au akikataa kula kwa wiki nzima ingawa kuna joto, mpeleke kwa daktari.