Kuandaa maonyesho ya picha za jamii, kuanzia uteuzi hadi ukutani

Nimetoka kumsaidia kijana mmoja mpigapicha kuandaa maonyesho yake ya kwanza, picha za watu wa mtaa alikokulia. Maswali yake ndiyo ninayoulizwa na wengi, kwa hiyo nayajibu hapa.

Hatua ya 1: Chagua

Chapa picha zote kwa ukubwa wa kadi ya posta, zitandaze sakafuni, uziache siku kadhaa. Usichague kwenye skrini, maana huipendelea picha ya rangi kali na kuidhulumu iliyotulia. Zikiwa mbili zinasema jambo moja, toa moja.

Hatua ya 2: Rudi kwa waliomo pichani

Muda wako mwingi utaishia hapa, na ndivyo inavyopaswa. Aliyekubali kupigwa picha sebuleni kwake hajakubali kutazamwa na mwajiri wake au wakwe zake. Mpelekee picha iliyochapwa, si ya kwenye simu, pamoja na maelezo yatakayokaa chini yake. Msomee kwa lugha anayoizungumza. Mwambie itaonekana wapi: ukutani tu, au hata kwenye mabango, magazetini na mitandaoni? Kila mahali paombewe idhini yake. Akikataa, usimbembeleze. Kwa mtoto, mzazi akishakubali, mtoto naye aulizwe.

Kama kutambulika kunaweza kumdhuru, mathalani mhamiaji asiye na vibali, usitegemee kumziba macho kwa mstari mweusi. Kovu, nguo, hata ukuta ulio nyuma yake vitamtaja. Picha hiyo itoe.

Kisha maelezo yenyewe. Mwaka 1936 mpigapicha Mmarekani Dorothea Lange alimpiga picha mama mmoja mhamaji huko California bila kumuuliza jina. Picha ikaenea duniani kama sura ya umaskini, na jina la Florence Owens Thompson likaja kujulikana hadharani mwaka 1978. Watazamaji wengi hawakujua hata kwamba alikuwa Mcherokee, mmoja wa wenyeji wa asili wa Marekani. Zanele Muholi wa Afrika Kusini hufanya kinyume. Mwaka 2006 alianza kuwapiga picha wanawake weusi wanaopenda wanawake wenzao na watu waliobadili jinsia. Kila picha ina jina, mahali na mwaka, na waliomo anawaita washiriki.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni ya mpigapicha Jim Goldberg, aliyewapa matajiri na maskini wa San Francisco picha zao zilizochapwa, wakaandika maneno yao wenyewe kwenye karatasi ya picha. Ukiifuata, usisahihishe tahajia ya mtu.

Hatua ya 3: Chapa

Karatasi isiyong'aa, basi. Ukiweka kioo, mtazamaji atajiona yeye na taa. Pikseli (nukta zinazounda picha ya kidijitali) 200 kwa inchi zinatosha: picha ya sentimita 40 kwa 60 inahitaji takriban pikseli 3,150 kwa 4,720.

Hatua ya 4: Tundika

Katikati ya kila picha pawe sentimita 150 kutoka sakafuni. Ukitarajia watoto au watu wa viti vya magurudumu, shusha hadi 135. Andika maelezo kwa herufi kubwa.

Hatua ya 5: Fungua

Waalike waliomo pichani waingie kabla ya wageni wengine. Mtu akiiona sura yake ukutani anaweza kubadili mawazo hapo hapo, na ana haki hiyo. Iteremshe. Kwa ajili hiyo, weka tayari picha mbili za akiba zilizokwisha kutiwa fremu.