Namna ya Kuchunguza Historia ya Kijiji cha Wafumaji na Wachimba Makaa cha Silesia

Anayetaka kuandika historia ya kijiji cha Silesia, eneo ambalo sehemu yake kubwa leo iko Poland, ambacho watu wake waliishi kwa kufuma kitani na baadaye kwa kuchimba makaa ya mawe, aanze na jina la kijiji. Chukua mfano wa Jugów, karibu na mji wa Nowa Ruda kusini-magharibi mwa Poland, ambacho hadi mwaka 1945 kilikuwa ndani ya Ujerumani na kikiitwa Hausdorf. Jugowice, kijiji cha upande wa Wałbrzych, nacho kiliitwa Hausdorf. Kwa hiyo kila unapoomba nyaraka taja pia Neurode, jina la Kijerumani la Nowa Ruda, usije ukasoma maisha ya watu wengine.

Hatua ya pili ni kutafuta orodha ya vijiji vya Silesia iliyotungwa na Johann Georg Knie, ambayo toleo lake la mwaka 1845 linataja nyumba, wakazi, makanisa na hata idadi ya vitanda vya kufumia katika kijiji kimoja kimoja. Knie alikuwa mwalimu kipofu wa Breslau, yaani Wrocław ya leo, na kila ninapoifungua kazi yake namstahi upya.

Kisha nenda kwenye vitabu vya parokia na, kwa miaka ya kuanzia tarehe 1 Oktoba 1874, kwenye daftari za usajili wa serikali ya Prussia, dola ya Kijerumani iliyotawala eneo hili. Nyaraka nyingi za eneo hili zimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Wrocław na tawi lake la Kamieniec Ząbkowicki. Jifunze kwanza mwandiko wa Kijerumani wa zamani uitwao Kurrent, kwa sababu asiyeujua atakuwa anakisia tu. Hapa usiwe na haraka: katika kila ubatizo, ndoa na maziko nakili kazi ya baba, ukitenganisha Weber, yaani mfumaji, na Bergmann, yaani mchimba madini, halafu uhesabu kwa kila miaka kumi. Hesabu hiyo, ingawa inachosha, ndiyo itakayokuonyesha ni lini wana wa wafumaji walianza kushuka mgodini, jambo ambalo hakuna hati moja inayolieleza.

Ukishapata hesabu, tafuta sababu. Nguo za mashine, hasa za Uingereza, zilishusha bei ya kazi ya mikono, na wafanyabiashara wakapunguza ujira. Upande wa pili wa milima ya Sowie iliyo jirani na Jugów, huko Peterswaldau (leo Pieszyce), wafumaji waliinuka tarehe 4 Juni 1844 dhidi ya kampuni ya ndugu wa Zwanziger. Siku iliyofuata wanajeshi wa Prussia wakawafyatulia risasi watu wa Langenbielau (leo Bielawa) na kuwaua 11. Kwa upande wa makaa, chunguza reli iliyofika Neurode mwishoni mwa miaka ya 1870, kwa kuwa ndiyo iliyoyafungulia masoko ya mbali.

Tarehe 9 Julai 1930 ichunguzwe peke yake. Siku hiyo gesi ya kaboni dioksidi ilifumuka ghafla katika mgodi wa Wenceslaus, kwenye shimo la Kurt la Hausdorf, na watu 151 wakafa. Mwaka uliofuata mgodi ukafungwa. Linganisha orodha ya waliokufa na vitabu vya maziko, ili kila jina lirudi kwenye nyumba na ukoo wake.

Kuhusu duara la nguzo za zege lililoko Ludwikowice jirani, utakutana na hadithi nyingi za silaha za siri za Wanazi. Zipime kwa ramani na michoro ya kituo cha umeme cha mgodi, maana maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba huo ni msingi wa mnara wa kupozea maji.

Usiishie mwaka 1945. Wajerumani walihamishwa kwa nguvu na nafasi yao ikachukuliwa na Wapolandi, wengine kutoka mashariki, wengine wachimbaji waliorejea kutoka Ufaransa na Ubelgiji. Migodi ya Nowa Ruda ilifanya kazi hadi mwaka 2000, kwa hiyo wapo wazee waliochimba humo. Wahoji mapema, na uwaombe picha, vitabu vya kazi na majina waliyoyaita mashimo yao.