Kabla hujapasuliwa fizi, uliza mzizi utazibwa na nini

Kama ushafanyiwa ruti kanali (ile ya kusafisha na kuziba ndani ya mzizi wa jino) na bado kile kipele cha usaha kinarudi kwa fizi, daktari anaweza kukwambia sasa itabidi apasue, akate ncha ya mzizi kama milimita 3 hivi, halafu azibe pale chini. Wengi wetu hapo tunauliza bei tu. Mi naona uulize kwanza ataziba na nini, maana hiyo kitu itakaa imegusana na mfupa wako miaka na miaka.

Zamani ilikuwa amalgamu, ile ya kijivu, na kuna watu iliwaachia doa jeusi kwa fizi. Siku hizi utasikia MTA, ilianzia Chuo Kikuu cha Loma Linda huko Marekani miaka ya 1990, na usicheke, asili yake ni simenti ya Portland, yaani ni ukoo mmoja na ile ya Bamburi, ila hii imesafishwa na kutiwa madini ya bismathi ndo ionekane kwa eksirei (sasa usiende kumuomba fundi kijiko). Uzuri wake inashika hata penye majimaji, na huko chini ni damu tupu, halafu mwili hauikatai, mfupa unajijenga tu hapo kando yake. Ila inachelewa kuganda, karibu masaa 3. Biodentine, simenti nyingine ya kuzibia kutoka Ufaransa, yenyewe ni kama dakika 12. Muulize anayo ipi na amezoea ipi.

Eksirei za zamani beba. Dawa nazo usizitaje kwa kichwa, beba zenyewe, mamangu alienda na vidonge vyake kwa kipakti cha mabuyu, daktari akavimwaga mezani akichambua kimoja kimoja, kumbe mlikuwa na aspirini ambayo mama haihesabu kama dawa. Lakini usiache dawa ya presha wala ile ya kuzuia damu kuganda kivyako, ngoja uambiwe.

Kula kabla, kama ni sindano ya ganzi tu. Muguka na sigara weka kando kabla na baada, kidonda hakitaki. Nunua barafu mapema, pika uji, na nyuzi hutolewa baada ya siku chache kwa hivyo ile safari ya Lamu isogeze mbele.